Ufito Uliompima Wifi

Siku hiyo nilikuwa nashona sare za shule, na cherehani ilikuwa na adabu, haikati uzi. Mume wangu alikuwa uani anapiga randa mbao. Mafundi wenzake walimpa jina la Timazi kwa sababu hakuwahi kusimamisha kitu kikapinda, na jina likamkaa hadi mimi mwenyewe nikasahau kumwita jingine. Jikoni alikuwa wifi yangu, dada yake wa pekee, anahamisha sufuria zangu kutoka rafu ya chini kwenda ya juu. Alikuwa mrefu, ananizidi kichwa kizima, na hakupenda kuinama.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu anatujia na godoro lake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini wahenga hawakusema lolote kuhusu mgeni wa wiki ya saba. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Binti zangu wawili walikuwa wanalala miguu ya mmoja kwenye kichwa cha mwenzake ili shangazi yao apate pa kujinyoosha. Alicheka kwa sauti, alikula vizuri, alinisahihisha chumvi. Sikumchukia. Nilichoka naye tu, na kuchoka na mtu ni kubaya kuliko kumchukia, kwa sababu hakuna anayekuonya juu yake.

Alikuwa anamkimbia mumewe, karani wa ghala. Mtu mpole, watu wote walimsifu. Hakuwahi kumpiga. Ila alikuwa anataka kila kitu kikae kilipowekwa, na mke pia. Akitoka kwenda kazini anamwambia wifi akae kwenye kiti fulani, akirudi anapapasa kiti kama bado kina joto. Kama hakina joto, siku hiyo wifi hali. Alinieleza mwenyewe huku anacheka, akafuta macho kwa pindo la kanga. Nilijua yote hayo. Naomba mlikumbuke hilo tangu mwanzo, maana sitaki kuhurumiwa.

Basi siku hiyo Karani akaja. Hakuja kumfuata mke, alikuja na mchoro. Alikuwa ameinua kuta za nyumba mpya na alitaka shemeji yake ampigie paa, lakini paa lenye stoo darini, mtu apande na kuweka vitu vyake.

Timazi akafurahi, kwa kuwa kazi hiyo haipati kila siku. Akatueleza wote pale uani. Kenchi ya kawaida ina miti inayokatana katikati, ukiingia darini unatambaa, na ndiyo maana ile boriti ya chini mafundi wanaiita mtambaa panya. Ukitaka nafasi ya mtu, unaondoa miti ya katikati. Unasimamisha nguzo mbili pembeni, unalaza mti wa mtanda juu kuziunganisha, na boriti za chini unaziweka nene, kwa kuwa sasa hazishiki dari tu, zitabeba sakafu na mzigo. Akauliza urefu wa ndani uwe kiasi gani.

Karani akasema, "Wa kumtosha mke wangu. Yeye ndiye atakayekuwa anapanda."

Timazi hapendi futi ya chuma kwa kazi inayorudiwa. Anasema macho yakikosea mara moja, kenchi nane zitakosea pamoja. Yeye hutumia ufito: anapima mara moja, anaukata, halafu kila nguzo inalinganishwa na huo huo. Akachukua ufito mbichi, akamsimamisha dada yake penye ukuta wa choo, akauweka kisiginoni, akaukata sawa na utosi. Ulikuwa na fundo karibu na kisigino.

"Unanipima kama maiti, kaka," wifi alisema, akicheka. "Ukimaliza uuvunje."

"Nitauvunja mbele yako."

Hakuwa anatania. Fundi mzee aliyemfundisha alikuwa na sheria yake: ufito uliompima mtu aliye hai huvunjwa mwenyewe akiona. Ukibaki ndani ya jengo, unamshika mwenye kipimo. Anaweza kutoka mchana akatembea, lakini jioni miguu inamrudisha, hana kwingine pa kulala. Timazi aliniambia hayo miaka mingi nyuma, kitandani, kama habari ya kazini. Yeye aliyasahau. Mimi niliyaweka.

Wifi alirudi kwa mumewe paa lilipoanza kupigwa, kwa ahadi kwamba mambo yatakuwa mapya kwenye nyumba mpya. Niliwahi kuziamini ahadi za namna hiyo, lakini safari hii nilijua atarudi kwetu kabla ya mvua. Nikapeleka chakula pale kazini saa sita. Kenchi zote nane zilikuwa zimesimama, nguzo zimetoshana, na ufito umeegemezwa ukutani. Mume wangu alikuwa juu anagonga. Nikauchukua, nikaweka mwingine wa unene ule ule, nikaukatia urefu ule ule kwa msumeno wake mwenyewe. Haukuwa na fundo. Nani angetazama fundo?

Ule wa kweli nilimpa Karani nyuma ya nyumba, umefungwa kwenye kanga. Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, halafu akatabasamu, na ndipo nikaona meno yake kwa mara ya kwanza.

"Shemeji," alininong'oneza, "wewe ndiye ndugu wa kweli."

Aliugongomelea mwenyewe juu ya boriti ya katikati, kisha mbao za sakafu zikaja juu yake. Siku ya kukabidhi, Timazi alimwita dada yake, akauvunja ule ufito gotini mbele yake, ukalia. Wifi alivitazama vile vipande viwili. Halafu akanitazama mimi. 

Kilichofuata kilikuwa kosa la mume wangu, la kwanza na ninaapa la mwisho. Alikata nguzo sawa na wifi, utosi hadi kisigino, akasahau kwamba sakafu nayo ina unene wake. Nguzo inasimama juu ya boriti, lakini mtu anasimama juu ya ubao. Wifi alipopanda ngazi akasimama, kichwa kikagonga mtanda. Unene wa ubao mmoja ndio uliomzidi.

Tulicheka sana. Wifi alisema kaka yake amezeeka. Timazi aliona aibu hadi akatoka jasho, akataka kubomoa. Karani akamzuia, akasema hakuna haja, atazoea.

Wiki iliyofuata wifi alipanda na masanduku, akasimama, hakugonga. Akatembea kutoka ukuta hadi ukuta, nywele zinapita chini ya mtanda bila kuugusa. Alidhani mbao zimekaa sawa. Karani alikuwa amesimama kwenye ngazi, kichwa chake kimetokeza kwenye tundu la dari, anamtazama. Yeye alizoea kutazama marundo ghalani. Akiona kimepungua, anajua.

Timazi alipata kazi ya paa la shule, mji mwingine, miezi saba. Nyumba yangu ikatulia. Binti zangu wakalala kila mmoja na kitanda chake. Sufuria zikarudi rafu ya chini. Nilikuwa naimba, jamani, nashona naimba.

Mwezi wa kwanza wifi alikuja na gauni lake la bluu. Linaburuta, alisema. Nikamwambia kitambaa kinalegea kikifuliwa. Nikapunguza pindo shubiri moja, na aliomba kile kipande kilichokatwa, mumewe amekitaka. Alipokuwa ananisubiri aliniambia Karani ameongeza sakafu darini. Ameweka mbao za kusimama juu ya ile ya kwanza, akalaza sakafu nyingine juu yake, ili katikati apate pa kufichia vitu visivyotumika. Yeye sasa anapanda ameinama. Alilalamika mgongo. Kisha, wiki ile ile, akaacha kuinama.

Mwezi wa pili alikuja na gauni lile lile.

Nilikuwa nimekaa, yeye amesimama, na macho yetu yalikuwa karibu sawa. Nilichukua futi ya kushonea nikampima begani hadi sakafuni. Nikampima tena. 

"Ameongeza sakafu ya tatu," wifi alisema kwa sauti ndogo.

Nilikunja futi ya kushonea.

"Kila akiongeza, nakaa siku tatu nalia mifupa. Halafu natosha." Akanishika goti. "Wifi, nitazamie njia ya kubaki hapa. Hata jikoni chini. Jioni miguu inanirudisha, nifunge kamba kama mbuzi, sijali."

Nilikuwa na la kumwambia. Kulikuwa na neno moja tu, na angelibeba hadi kwa kaka yake, na mimi ningefungasha virago vyangu siku hiyo hiyo. Mume wangu ni mtu wa timazi. Kitu kikipinda hakinyooshi, anakitupa.

"Hapa hapana nafasi, wifi," nilimwambia.

Alikunja gauni lake vizuri. Jua lilipoanza kushuka nilimwona anatoka mlangoni, mikono imeshika fremu, anajizuia, na miguu inakwenda. Inakwenda yenyewe. Vidole vyake viliteleza kimoja kimoja.

Mwezi wa tatu gauni alileta Karani. Alikuwa ameandika vipimo kwenye kijikaratasi kwa mwandiko wake mzuri. Nikauliza mgonjwa anaendeleaje, maana majirani walikuwa wameambiwa anaumwa. Akasema hajambo, ametulia sana, hata komeo la mlango hana haja ya kulifunga tena.

"Halifikii," alieleza.

Nilishona. Ndiyo, nilishona. Na mwezi wa nne nikashona tena, gauni la bluu sasa lina upana wa mto wa kulalia, na nikaamua kulipeleka mwenyewe kwa sababu usiku uliotangulia sikupata usingizi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, Karani yuko ghalani. Mlango ulikuwa wazi kama alivyosema. Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miguu haifiki nusu ya njia ya kwenda chini. Si kwamba alikuwa mtoto. Afadhali angekuwa mtoto. Alikuwa mwanamke yule yule wa miaka arobaini, na mvi zake mbili na alama yake ya kuungua mkononi, amepunguzwa kila mahali sawasawa. Uso wake ungetosha kwenye kiganja changu.

Sauti ndiyo haikupungua. Hilo lilinishinda.

"Ule wangu ulikuwa na fundo," alisema. "Aliouvunja kaka haukuwa nalo."

Nikakaa chini sakafuni. Sasa tulikuwa tunatazamana.

"Tangu siku ile ulijua?"

"Tangu siku ile."

"Kwa nini hukumwambia?"

Alifikiri. "Ungeachika. Na wale watoto bado wadogo."

Majuto ni mjukuu, lakini wangu alizaliwa pale pale. Nililia mpaka nikasikia aibu kwamba anayenibembeleza ni yeye, kwa kiganja kisichozidi kijiko. Nilitoka nikaenda kumpigia simu Timazi. Nilimweleza yote, sikubakiza. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu ni sakafu ngapi. Nikamwambia nne, juu ya ile yake. Akasema anakuja.

Alifika kesho yake mchana, hajabadili nguo za kazi, na mtaimbo begani. Tulikwenda pamoja, yeye mbele. Karani alikuwa nyumbani, anakula. Alitufungulia kwa heshima zote, akamkaribisha shemeji yake chakula. Timazi alimpita. Akaingia chumbani akamtazama dada yake aliyelala kitandani, hajai hata mto. Akapiga goti, akamwekea mkono kichwani.

"Nakutoa leo," alimwambia. "Leo hii."

Kisha akapanda.

Mimi nilibaki naye chumbani, mlango wazi. Nilisikia mtaimbo unaingia chini ya ubao wa kwanza. Misumari ikalia. Ubao ukang'oka, halafu wa pili, halafu sakafu nzima ya juu ikaanza kushuka kupitia tundu la dari, pamoja na masanduku, kila moja na kikaratasi chake. Moja lilidondoka mbele ya mlango likafunguka. Ndani mlikuwa na kile kipande cha pindo la bluu nilichokikata, kimekunjwa, kimeandikwa mwezi.

Wifi akashtuka kitandani.

Akanyooka shubiri moja. Kwa mpigo mmoja. Nilisikia mifupa yake, inalia kama ubao mbichi unaopigwa kabari. Aliuma shuka. Jasho likamtoka usoni, na uso ulikuwa mkubwa zaidi.

Nikasema, "Inarudi. Wifi, inarudi!"

Alitikisa kichwa. Alikuwa anatafuta pumzi.

"Mwambie asimame." Akanivuta. "Alinipunguza kwa miezi. Anirudishe kwa miezi. Sakafu moja. Halafu apumzike. Mwambie."

Niliinuka nikaenda mlangoni.

Naomba hapa mnisikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo nilipo hadi leo. Nilifungua mdomo. Sauti yangu ingefika, dari ilikuwa wazi. Lakini nilifikiri miezi minne. Miezi minne ya kumuuguza, mume wangu akimtazama kila siku amekuwa hivi, na akinitazama mimi. Nikafikiri kwamba jioni ile ile ingewezekana yote yaishe. Asimame mzima, nipige magoti mara moja, niombe msamaha mara moja. Maumivu ya saa moja. Nani hajavumilia maumivu ya saa moja?

Nikafunga mlango, ili Timazi asisikie kilio.

Karani alikuwa amesimama kwenye korido na kikombe chake. Aliniona. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesalimia mwenzake wa kazi.

Sakafu ya pili ilitoka. Wifi alipiga kelele, nikamwekea mto mdomoni. Sikumbana pumzi, nilizuia sauti tu. Ya tatu. Macho yake yalikuwa kwangu. Hayakuwa na hasira. Ngozi ya magoti ilikuwa imevutika, inang'aa, imeachwa nyuma na mfupa. Gauni la bluu lilipasuka mshono kwa mshono, mishono yangu, na niliisikia yote. Ya nne ikaondoka kwa pigo moja. Juu mume wangu alikuwa anafanya haraka. Alikuwa anaimba, maskini. Alidhani anaokoa.

Miguu ya wifi ikafika mwisho wa kitanda.

Akanyamaza.

Alikuwa na urefu wake. Nilimshika mkono, mkono ulikuwa mkubwa kuliko wangu, kama zamani. Kifua kilipanda. Kikashuka. Kilikuwa bado kinapanda, nawaapia, kidogo sana, lakini kilipanda.

Juu Timazi aling'oa ubao wa sakafu yake mwenyewe, ile ya kwanza, akaufikia ufito. Nikasikia misumari inatoka polepole. Kisha sauti yake kwenye tundu la dari, ina furaha.

"Mlete hapa chini ya tundu, anione nikiuvunja."

Nilimtazama wifi. Hangeweza kubebwa. Na kama Timazi angeshuka wakati ule angekuta alivyo, na mto ulivyo, na mlango ulivyofungwa. Nikaufungua kwa upana wa mkono.

"Vunja tu," nilimwambia. "Yupo hapa, anakuona."

Ulilia mara mbili. Mara moja juu, mara moja kitandani.

Alipomzika dada yake, Timazi hakunilaumu kwa neno lolote zaidi ya yale niliyokiri. Aliamini kwamba miezi ile ya kupunguzwa ndiyo iliyomuua, na kwamba angalau alimrudishia umbo lake. Alisema hivyo mbele ya watu, akilia. Karani alilia pia, kwa kitambaa safi. Baada ya wiki mbili alihamishwa kwenda ghala jingine, na nasikia anatafuta fundi wa paa.

Lakini lazima niwaambie habari ya jeneza. Timazi alilitengeneza mwenyewe jioni ile, akapima kwa futi ya chuma, akaongeza nafasi ya kutosha kichwani na miguuni. Hakusahau unene wa ubao. Asubuhi tulipomweka, nyayo zilisukuma mbao za mwisho. Aliona aibu tena. Akasema amezeeka kweli. Akatengeneza jingine, la pili, shubiri nzima zaidi, tukazika haraka, na nilipokuwa nafunika shuka niliona nyayo zimeshagusa.

Nilitaka kumwambia. Ufito ule ndio uliokuwa unasema wifi anaishia wapi. Umevunjwa bila yeye kuona, kwa uongo wangu, na sasa hakuna kinachosema.

Makaburi yako nyuma ya kiwanda cha mbao, hatua mia mbili hivi kutoka kwetu. Kichwa chake kipo pale pale tulipokiweka. Upande wa miguu ndio unaoelekea nyumbani. Timazi aligongomelea ubao miguuni, na kila Jumapili anakwenda kupalilia, anarudi anasema ardhi ya pale inatembea, ubao umesogea tena. Mwezi uliopita tuta lilivuka njia ya watembea kwa miguu. Watu walidhani ni bomba la maji linalochimbwa.

Jana asubuhi nilifungua mlango wa uani nimwage maji. Mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano, udongo ni mkavu, mgumu. Umeinuka kutoka kwenye ua wa nyuma, mstari mwembamba ulionyooka kabisa, unapita kati ya kamba za nguo, unakuja hadi kwenye kizingiti cha chumba ninachoshonea. Mwisho wake una vichuguu viwili, kimoja kando ya kingine, kama vidole gumba vya miguu chini ya shuka.